Gia Uliyopandia

Ilikuwa Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, lakini wingu lilikuwa bado limeukalia mlima wa machimbo, na uwanja wa kiwanda cha saruji ulikuwa na madimbwi yenye rangi za dizeli.

Masafa alilizunguka lori akigonga matairi kwa rungu fupi. Tairi lenye upepo wa kutosha hujibu, lililopungukiwa hunung'unika. Yote yalijibu. Alikagua mirija ya breki inayounganisha kichwa na tela, akafungua vali ya mtungi wa upepo ili kumwaga maji yaliyojikusanya, akaifunga, akajifuta mikono kwa kitambaa. Jina la Masafa alipewa na madereva wenzake, kwa kuwa tangu aanze kazi hakuwahi kuendesha safari fupi.

Nyuma yake alisimama mkufunzi wa madereva wa kiwanda. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye buti zilizofungwa kamba barabara na koti lisilo na doa la grisi hata moja. Madereva walimwogopa kidogo. Masafa alikuwa na sababu ya ziada: mkufunzi huyo alikuwa dada mkubwa wa mke wake.

"Shemeji," Masafa alisema, "ukiniangusha leo, Jumapili utakula kwa nani?"

"Kwa mdogo wangu. Wewe ndiye hutakuwapo. Utakuwa njiani."

"Aa! Hilo si jibu, hilo ni kofi."

"Basi lipokee, halafu upande gari. Utani nimeuacha getini na pikipiki yangu."

Masafa alicheka, lakini kofi lilikuwa limempata palepale penye kidonda. Alikuwa na binti mdogo aliyeanza tu kuunga maneno. Mara ya mwisho aliporudi kutoka safari, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, akamchungulia, kisha akauliza, "Mama, huyu mgeni atalala hapa?" Jirani aliyekuwa mlangoni aliangua kicheko. Mke wake pia alicheka, halafu akaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji. Alipotoka alisema neno moja tu: "Mimi sikuolewa na simu, mume wangu. Tafuta kazi inayorudi nyumbani."

Kazi inayorudi nyumbani ilikuwa hii. Kiwanda kilikuwa chini ya mlima. Mawe ya chokaa yalikuwa juu. Madereva wa mlimani walipanda na kushuka mchana kutwa, na jioni kila mmoja alilala kitandani kwake. Nafasi ilikuwa moja. Atakayefaulu jaribio angeanza Jumatatu. Atakayeshindwa angesubiri jaribio lingine mwezi unaofuata, bila ahadi kwamba nafasi itakuwa bado ipo.

Waliketi, wakafunga mikanda. Kabla ya kuwasha injini, mkufunzi aliuliza maswali yake kwa sauti ileile anayoitumia kwa kila mtu.

"Unateremka. Breki ya mguu ni ya nini?"

"Ya kusimama, na ya kurekebisha kidogo. Si ya kuning'inia. Ukiikanyaga mfululizo drami, hizi ngoma za breki, zinapata moto, na drami yenye moto ni pambo tu."

"Nani anashika gari?"

"Injini. Naondoa mguu kwenye mafuta, navuta kijiti cha breki ya egzosi, njia ya moshi inazibwa, injini inajikaba koo yenyewe. Hiyo haichoki."

"Inashika kwa nguvu gani?"

"Kwa nguvu ya gia. Gia ndogo, injini inazunguka sana, inashika sana. Gia kubwa, inashika kama mtoto anayeshika shati la baba yake."

"Lori tupu, lami ina maji kama leo, uko kwenye kona. Utavuta kijiti mpaka hatua ya ngapi?"

"Ya kwanza, au nisikivute kabisa. Tupu halina uzito wa kukandamiza magurudumu ya nyuma. Yatateleza."

"Kuweka frii, gari lijishukie bila gia, ili kuokoa dizeli?"

"Shemeji, mimi nina mtoto."

Mkufunzi karibu atabasamu. Masafa aliyajua mambo hayo vizuri. Angeweza kuyaeleza akiwa usingizini, na mke wake alilalamika kwamba huyaeleza.

"Masharti ni haya," mkufunzi alisema. "Tukianza kushuka sitasema neno mpaka mizani ya kiwandani, kule chini. Nikisema, ujue jaribio limekwisha. Gari likisimama mteremkoni, jaribio pia limekwisha, kwa sababu maana yake umeingia mlimani na gia isiyofaa. Na usibadilishe gia mteremkoni. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Twende."

Lori lilikuwa jipya, na injini yake ilikuwa na nguvu ya kumfanya dereva ajione bingwa. Walipofika mguu wa mlima, Masafa aliweka gia ya saba, akasikia injini ikiimba bila kulalamika, akaiacha hapohapo. Kona zilikuja na kupita. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa mwamba uliochuruzika maji. Upande wa kulia kulikuwa na nguzo za saruji zilizopakwa rangi nyeupe na nyekundu, na chini yake bonde lililojaa ukungu. Aliona sehemu moja tu iliyopanuliwa kando ya barabara, sawa na uwanja mdogo, ambapo lori kubwa lingeweza kuegeshwa. Aliitia akilini.

"Saba," alisema, akiipapasa gia kama mtu anayepapasa shingo ya farasi. "Baba yangu alikuwa dereva, unajua. Hakunirithisha nyumba wala shamba. Alinirithisha usemi mmoja: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Nimezunguka nao miaka yote, haujaniangusha."

Mkufunzi alitazama nje ya dirisha.

"Mzee alikuwa anabeba nini?"

"Kila kitu. Akipanda na mbolea, alishuka na magogo. Akipanda na sukari, alishuka na chai."

"Na wewe kwenye safari ndefu?"

"Hivyohivyo. Kwenda mzigo, kurudi mzigo. Tajiri gani atakulipia dizeli ubebe hewa?"

"Ahaa," mkufunzi alisema, na hakuongeza kitu.

Juu, machimbo yalikuwa meupe kama unga. Mwendesha kijiko, mtu mnene aliyejaa kwenye kibanda cha mashine yake kama mkate kwenye chombo, alimfahamu Masafa tangu zamani. Alitoa kichwa dirishani.

"Masafa! Na wewe umepanda mchongoma?"

"Nimepanda, kaka!"

"Basi kushuka ndiyo ngoma!"

"Ngoma ziko nane, zote nimezikagua!"

"Usizicheze zote!" mwendesha kijiko alipiga kelele, akacheka mwenyewe, akaangusha shehena ya kwanza.

Mawe yaliingia kwa kishindo. Lori liliinama, likainuka, likainama zaidi. Kila kijiko kilipomwaga, Masafa alihisi kiti kikishuka chini yake na usukani ukiwa mzito viganjani. Aliyahisi hayo, akayapenda. Lori lenye mzigo hukaa barabarani kama mtu aliyeshiba. Lori lilipojaa, alitoka, akasimama mahali palipo sawa kabla ya mteremko, akatazama geji ya upepo, akajaribu breki, akafikiri juu ya gia.

Au tuseme hakufikiri. Mkono wake ulifikiri kwa niaba yake. Uliweka saba.

Mkufunzi aliutazama mkono ule. Halafu alitazama mbele, akafunga mdomo wake kama mtu anayefunga duka.

Mwanzo wa mteremko ulikuwa mpole. Masafa aliondoa mguu kwenye mafuta, akavuta kijiti hatua ya kwanza. Injini ilikoroma. Mwendo ulipanda. Akavuta hatua ya pili. Mkoromo ukawa mzito zaidi, na mwendo ukaendelea kupanda. Akavuta hatua ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho. Sasa injini ilikuwa inafanya kila ilichoweza, lakini sauti yake haikuwa ile anayoijua. Alizoea kusikia injini ikipiga kelele ya hasira, kelele ya mtu aliyeshika kamba na anavutana kweli. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayevutwa.

Alikanyaga breki ya mguu kwa nguvu, mwendo ukashuka, akaachia. Ndivyo inavyotakiwa: kanyaga, punguza, achia, acha drami zipumue. Lakini baada ya kuachia, mwendo ulirudi palepale kabla hata hajapata nafasi ya kumeza mate. Akakanyaga tena. Akaachia. Ukarudi tena, upesi zaidi, kwa sababu mteremko ulikuwa umeanza kuinamisha kichwa.

Nguzo nyeupe na nyekundu zilianza kupita haraka.

Kuna tatizo gani? Alitazama geji ya upepo: nzima. Kijiti: hatua ya tatu. Gia: saba, ileile aliyopandia. Aliposema neno hilo moyoni, alisikia tena swali la shemeji yake kama vile limeulizwa sasa hivi. Mzee alikuwa anabeba nini?

Alikuwa amepanda mtupu.

Kila mlima ambao baba yake aliupanda, aliupanda na mzigo. Uzito ndio uliomchagulia gia ya kupandia, na uzito uleule, au unaokaribiana nao, ndio aliokuja kushuka nao. Usemi ule ulikuwa wa kweli kwa sababu kulikuwa na maneno ndani yake ambayo hakuna aliyehitaji kuyatamka. Hapa hapakuwa na uzito wa kuchagua chochote. Saba ilikuwa gia ya kupandisha bodi tupu na watu wawili. Sasa nyuma ya kiti chake kulikuwa na mlima mdogo wa mawe, na mlima huo ulitaka kufika kiwandani kabla yake.

Alikuwa na njia tatu, na muda wa kufikiria moja.

Angeweza kubana klachi na kurudi gia za chini. Lakini kwa mwendo ule gia ingeweza kukataa kuingia, na angebaki frii, bila injini, akiwa na kijiti cha breki ya egzosi kisichoshika kitu.

Angeweza kuendelea kukanyaga na kuachia mpaka chini. Njia hii ilimvuta. Drami zilikuwa bado hazijanuka. Huenda zingefika. Madereva wengi wamewahi kufika hivyo, wakashuka garini wakicheka huku magurudumu yakitoa moshi. Mkufunzi alikuwa ameahidi kunyamaza. Akifika mizani bila kusimama, angepata alama mbaya, lakini labda angefaulu. Jumatatu angeanza kazi. Jumatatu jioni angebisha hodi kwake, na mtoto angezoea.

Huenda. Labda. Masafa aliyasikia maneno hayo kichwani mwake, akayajua. Ni maneno yanayosemwa na jamaa wa marehemu.

Mbele, upande wa kushoto, aliiona ile sehemu iliyopanuliwa.

Alikanyaga breki, na safari hii hakuachia. Hakupiga kwa ghafla wala hakubembeleza. Alikanyaga kwa uzito mmoja, mguu umenyooka, huku drami zikiwa bado na ubaridi wa kutosha kufanya kazi hiyo mara moja. Lori lilitetemeka. Mawe yalijisogeza mbele kwa mguno. Tela lilifuata bila kuyumba. Walitoka kwenye lami, changarawe zikalia chini ya matairi, na gari likasimama. Masafa alivuta handibreki. Upepo ulitoka kwa sauti ndefu.

Injini iliendelea kunguruma taratibu, kama haikuhusika.

"Jaribio limekwisha," Masafa alisema.

"Limekwisha," mkufunzi alisema. Alikuwa ameshika mshikio wa juu ya mlango. Aliuachia kidole kimoja kimoja. "Mungu wangu, shemeji. Umenichelewesha kupumua."

"Ungeniacha niende?"

"Ile nguzo yenye kofia iliyovunjika, unaiona? Iko nyuma yetu, juu kidogo ya uwanja huu. Hapo nilikuwa nafungua mdomo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi, wewe ukakanyaga."

"Kwa nini hukuniambia kule juu? Uliuona mkono wangu."

"Niliuona. Kule juu ningekuambia 'weka nne', ungeweka nne, ungefika chini, ungefaulu. Halafu siku moja ungekuwa peke yako kwenye gari lingine na mlima mwingine. Nitamwambia nini mdogo wangu? Kwamba nilikupitisha kwa sababu ulinichekesha Jumapili?"

Masafa aliufungua mlango, akashuka, akazunguka magurudumu. Alisogeza kiganja karibu na kila drami bila kuigusa. Zilikuwa na joto, si moto. Alisubiri mpaka joto lile lipungue, akiwa amesimama mikono nyuma, akitazama bonde ambalo ukungu wake ulikuwa umeanza kupasuka. Aliona paa la kiwanda, na nje yake barabara kuu, nyembamba kama uzi, ile ya safari ndefu.

Aliporudi kitini, mkufunzi alikuwa amekunja mikono.

"Jaribio limekwisha," alisema, "lakini mawe hayajafika. Sasa naruhusiwa kusema. Gia gani?"

"Nne."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mzigo ndio unaochagua, si mimi, wala baba yangu."

"Twende basi, mwanafalsafa."

Aliweka nne. Alivuta kijiti mpaka hatua ya tatu kabla gari halijashika mwendo. Injini ilipiga ile kelele ya hasira aliyoizoea, mshale wa mizunguko ukapanda mpaka karibu na wekundu, ukakaa hapo. Mwendo ulikuwa wa mtu anayekwenda msibani. Kona ya kwanza ilikuja, ikapita. Ya pili ilikuwa kali zaidi. Aligusa breki mara moja, akaachia, na lori likabaki lilipoambiwa libaki. Mguu wake wa kulia ulikaa sakafuni bila kazi. Ulijiona mgeni.

"Unaona?" mkufunzi alisema. "Hivi ndivyo unavyotakiwa kuchoshwa na kazi."

"Shemeji, sema kweli. Hakuna namna?"

"Namna ya nini?"

"Ya kusema kwamba tulisimama kwa sababu nyingine. Mbuzi, tuseme. Mbuzi alikatiza."

"Mbuzi yupi?"

"Mweupe. Ana ndevu."

Mkufunzi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akaacha.

"Umeshindwa, shemeji. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Mwezi ujao njoo, na ukija usilete mbuzi."

Walifika mizani. Masafa aliegesha, akazima injini, akabaki ameshika usukani. Aliona aibu, lakini haikuwa aibu ya kumwinamisha mtu kichwa. Alitoa simu, akampigia baba yake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Umefaulu?"

"Sijafaulu. Baba, ule usemi wako wa gia. Uliwahi kupanda mlima ukiwa mtupu?"

Upande wa pili redio ilisikika kwa mbali, kisha ikapunguzwa sauti.

"Mtupu? Nipande mtupu nina wazimu? Tajiri angenifukuza hukohuko kileleni."

"Ndivyo nilivyodhani."

"Wewe ulipanda mtupu?"

"Nilipanda mtupu, nikashuka nimejaa. Kwa gia ileile."

"Eeh!" Mzee alivuta pumzi kwa meno. "Na uko wapi sasa?"

"Niko chini, mzima. Nilisimama katikati."

"Ulisimama." Mzee alilirudia neno hilo kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. "Basi akili ya kusimama ni yako. Hiyo sikukufundisha mimi. Nipe huyo mkwe wetu, mkufunzi wako, niongee naye."

Masafa alimpa mkufunzi simu. Alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "Shikamoo, mzee... Ndiyo... Hapana, mzee, siwezi... Ndiyo, najua mjukuu wako anamhitaji baba yake... Hapana, mzee." Kisha akarudishiwa simu ikiwa imekwisha kukatwa.

"Amesemaje?"

"Ameniomba nikupitishe. Nimekataa. Amesema vizuri, alitaka kujua kama nakataa kweli."

Baada ya hapo mambo yalikwenda hivi. Mkufunzi aliandika kwamba dereva ameshindwa, akaandika pia kwamba alisimama mahali sahihi kwa wakati sahihi, akatia sahihi, akaenda kunywa chai. Jioni alimweleza mdogo wake mwenyewe, ana kwa ana, na mdogo wake hakusema naye mpaka Jumapili. Jumapili alimpakulia chakula kama kawaida. Mwendesha kijiko aliwaambia watu wote wa machimbo habari ya mbuzi mweupe, ingawa hakuna aliyejua aliipata wapi. Mzee alimpigia dereva mwenzake wa zamani kumwuliza kama yeye aliwahi kupanda mtupu. Mwenzake aliona ametukanwa. Tangu siku hiyo, kila alipourudia usemi wake, mzee aliongeza, "ukiwa na mzigo uleule."

Masafa alikwenda safari nyingine ndefu. Aliporudi, alifanya jaribio tena siku ya jua, akasimama kileleni, akaitazama saba, akaweka nne. Nafasi ilikuwa bado ipo. Siku ya kwanza ya kazi alifika nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Mke wake alimfungulia mlango, akamwambia avue viatu, vina vumbi la chokaa. Mtoto alimtazama kwa muda, akamaliza chakula chake, kisha akasogea akaanza kula cha baba yake.